Barua ya Wazi kwa Wami wa Kivu Kaskazini Kuhusu Ardhi ya Mwanamke Aliyehama

Goma, Julai 2025

Kwa Waheshimiwa Wami, watawala wa kimila wa Bukumu, Bwisha na Bwito, wa Bahunde na Bashali, wa Bashu, Watalinga, Baswagha, Batangi na Bamate, na kwa wakuu wa sekta za Masisi, Walikale, Lubero na Beni, pamoja na wakuu wa vijiji wote walio chini ya mamlaka yenu.

Baba zetu,

Naomba ruhusa ya kusema nanyi hadharani juu ya jambo ambalo aghalabu husemwa chini chini, jikoni na njiani kuelekea sokoni, nalo ni hali ya mwanamke aliyehamishwa na vita, akarudi alikotoka, akaambiwa kwamba shamba alilolilima kwa mikono yake halimhusu. Barua nyingi zimeandikwa kutoka mji huu wa Goma kwenda Kinshasa, Addis Ababa na New York, na walioziandika walikuwa na sababu zao njema. Lakini mimi, niliyefundisha shule katika mji huu mpaka nikastaafu, na ambaye kazi yangu sasa ni kuwaandikia barua na maombi wasiojua kuandika, nimejifunza kwa vinywa vya wanawake wanaoketi mlangoni pangu Majengo kwamba shamba la mjane halikatiwi hukumu katika miji hiyo mikubwa. Hukatiwa hukumu barazani kwenu, mbele ya mkuu wa kijiji na wazee wake, kwa maneno machache, mara nyingi kabla ya jua kuwa kali. Ndiyo maana naja kwenu.

Yaliyotupata mnayajua. Tangu vita vilipofufuka mwishoni mwa mwaka 2021, watu wa Rutshuru, Nyiragongo na Masisi walimiminika Goma kwa mamia ya maelfu, wakasimamisha vibanda vyao vya shitingi juu ya mawe ya volkano huko Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo, mahali ambapo kijiti cha kibanda hakisimami mpaka kizungushiwe mawe. Tarehe 27 Januari 2025 mji ukaingia mikononi mwa kundi la waasi la M23, na mwezi wa Februari kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao. Wakarudi kwa miguu, kwa malori na kwa tshukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba magodoro na watoto. Mwanamume na mwanamke walipita njia moja, wakavuka vizuizi vile vile, wakakuta nyumba zilizoezuliwa mabati na mashamba yaliyoota magugu. Lakini mwanamume alirudi kwake, na mwanamke, ikiwa mumewe amekufa au hajulikani alipo, alirudi kwa watu.

Naomba niwaeleze habari ya mmoja wao, bila ya kumtaja jina wala kijiji. Alizaliwa Rutshuru katika kabila moja, akaolewa katika kabila jingine, kwenye kilima kilicho juu ya Kitshanga, na mumewe alifia kambini kwa maradhi ya kuhara. Alipofika kwangu alifungua kitenge chake akatoa mfuko wa nailoni uliopigwa mafundo mawili, na ndani yake mlikuwa na kadi ya kupigia kura ambayo picha imefutika hata uso hauonekani, kadi ya chanjo ya mtoto wake wa mwisho, na ukurasa mmoja uliochanwa katika daftari la shule. Ukurasa ule ndio hati ya shamba. Umeandikwa kwa kalamu ya bluu kwamba mwaka 2009 mumewe alitoa mbuzi wawili na madumu mawili ya kasiksi, yaani pombe ya ndizi, akapewa na mkuu wa kijiji kipande cha ardhi kuanzia mfereji mpaka mikaratusi ya jirani. Na chini ya maandishi hayo zimepigwa alama za dole gumba. Mama yule hajui kusoma, lakini kila alama aliijua ni ya nani, akanionyesha moja moja: hii ya mkuu, hii ya mume wangu, hii ya jirani wa juu, hii ya jirani wa chini. Nikamwuliza yake iko wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mmoja wa wale mbuzi wawili alikuwa wake, aliyemnunua kwa fedha zake za likelemba, yaani mchango wa kupokezana.

Aliporudi kilimani alikuta shemeji yake amekwisha kulikodisha shamba kwa mfugaji. Mkuu wa kijiji aliitazama karatasi akasema kwamba jina lililoandikwa ni la marehemu, na kwamba ardhi ya ukoo haimfuati mwanamke wa kabila jingine. Akaenda kwa kaka zake Rutshuru, nao wakamwambia kwa upole kwamba mahari yake yalikwisha kutumika kumwolea mdogo wao mke, na kwamba ardhi iliyobaki haiwatoshi hata watoto wao wa kiume. Akarejea Goma, na leo hubeba magunia ya makala kutoka mwalo wa Kituku, mkanda wa mzigo ukiwa kwenye paji la uso, watoto wakimsubiri kwa msamaria aliyewapa kona ya ua wake. Katika habari hii yote, baba zetu, sikumwona mtu mwovu, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Kila aliyesema alisema kwa mujibu wa desturi aliyoikuta, akadhani ametenda insafu.

Wanawake wa namna hii si wachache, na umaskini wao hauishii kwenye njaa. Yule asiye na shamba huingia msituni kutafuta kuni na makala, na msitu ulio karibu nasi ni Hifadhi ya Virunga, ambamo wenye bunduki wa kila upande hupita. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliwatibu mwaka 2023 zaidi ya watu 25,000 waliofanyiwa ukatili wa kingono katika Kongo nzima, na walio wengi walikuwa wa Kivu Kaskazini hii yetu. Na wengi waliotoka katika kambi za Goma walisema jambo moja, kwamba walikamatwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Mnaposikia hesabu hiyo msidhani kwamba ni mambo ya askari na majaji tu, maana mwanamke mwenye shamba la maharage nyuma ya nyumba yake hana sababu ya kuingia kila siku katika pori hilo.

Chanzo cha madhila haya, kwa rai yangu, ni kwamba katika jimbo letu nasaba huhesabiwa kwa baba peke yake, na ardhi huifuata nasaba. Basi mwanamume anapohama huenda na kabila lake, na anaporudi ataulizwa tu babu yake alizikwa wapi, ilhali mwanamke hana kabila ila la kuazima, kwanza la baba yake na kisha la mumewe, na siku wawili hao wanapotoweka hubaki na watoto wa ukoo mmoja, lugha ya ukoo mwingine, na haki ya mahali popote asiwe nayo. Zamani, mwanamke alipoolewa kilima cha pili kwa watu wanaojuana na wazazi wake, desturi hiyo ilikuwa na mlinzi wake, kwa kuwa alikuwapo mtu aliyefungwa kwa aibu na kwa undugu asimwache alale nje. Lakini Kivu Kaskazini ya leo ni nchi ya Wahunde, Wanande, Wanyanga, Wakumu, Wakano, Watembo, Wahutu, Watutsi na Wambuti, iliyohamishwa na kurudishwa mara nyingi hata wale waliokuwa wamefungwa kwa aibu wametawanyika au wamekufa, na ile desturi imebaki na ukali wake bila ya huruma iliyokuwa ndani yake. Tena mzigo mkubwa kuliko yote humwangukia mwanamke aliyeolewa nje ya kabila lake. Kila mkutano wa amani uliofanyika hapa ulizisifu ndoa za makabila mbalimbali kuwa ndizo zitakazotuunganisha. Basi ni haki gani hii, kwamba aliyetenda tunachokisifu ndiye wa kwanza kufukuzwa?

Najua kwamba swali la nani mwenyeji na nani mgeni halikuanza nanyi. Serikali ya Wabelgiji ilikata hifadhi hiyo ya Virunga mwaka 1925 katika ardhi za watu wa Rutshuru na Nyiragongo. Mwaka 1928 ikaunda Kamati ya Taifa ya Kivu, ambayo iliwagawia walowezi milima mizuri. Na kuanzia mwaka 1937, kwa kuwa ilihitaji vibarua wa mashamba hayo, ikawaleta Wanyarwanda kwa makumi ya maelfu na kuwaweka Gishari, katika Masisi. Halafu zikaja zama za sheria na tarehe zake. Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964 ilimtambua raia kwa babu aliyekuwa wa kabila lililokuwapo kabla ya 18 Oktoba 1908; sheria ya 5 Januari 1972 ikawapa uraia waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1 Januari 1950; sheria ya 29 Juni 1981 ikaurudisha mpaka nyuma hadi 1 Agosti 1885; na ile ya 12 Novemba 2004 ikauweka kwenye siku ya uhuru, 30 Juni 1960. Kati ya tarehe hizo imemwagika damu ambayo sitaki kuizungumza kwa wepesi, tangu sokoni Ntoto mwezi wa Machi 1993 mpaka leo. Natamani tu mlitazame jambo moja, kwamba katika mabishano hayo yote wanaume walibishana juu ya babu zao, walikaa wapi na walifika lini. Sijapata kusikia bibi ya mtu akitajwa, ingawa kila mmoja wa wabishani hao alikuwa na bibi wawili, na aghalabu mmoja wao alitoka kilima kingine.

Sheria ya mwaka 2004, pamoja na kasoro zake, ilitamka neno kubwa: mtoto ni Mkongo ikiwa mmoja wa wazazi wake, baba au mama, ni Mkongo. Kwa neno hilo mama amekuwa chanzo cha uraia sawasawa na baba, na Katiba ya 18 Februari 2006, katika ibara yake ya 14, ikailazimisha serikali kuondoa kila namna ya ubaguzi dhidi ya mwanamke. Si wote waliopendezwa. Mwezi wa Julai 2021 uliletwa bungeni muswada uliotokana na fikra za Bwana Noël Tshiani na kuwasilishwa na mbunge Nsingi Pululu, ukitaka urais na vyeo vingine vikubwa viwe vya wale tu waliozaliwa na baba na mama Wakongo wote wawili. Mpaka leo haujawa sheria, lakini akina mama wa Goma waliousikia redioni, waliozaa na wanaume wa Gisenyi, wa Bujumbura au wa Kampala, walielewa mara moja kwamba watoto wao wangekuwa raia wa daraja la pili kwa sababu ya uchaguzi wa mama zao. Nawakumbusha haya ili muone kwamba hata sheria iliyo wazi yaweza kutikiswa, na kwamba mwanamke aliyehama hawezi kuitegemea Kinshasa peke yake.

Na kwa habari ya ardhi, Kinshasa yenyewe iliwaachieni ninyi. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya taifa, na kwamba haki za wanaokaa katika ardhi za kimila zingepangwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo haikutoka. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na katika pengo lile pana, ambamo ndimo wanamoishi karibu wakulima wote wa jimbo, kauli iliyobaki ni ya mwami na ya mkuu wa kijiji. Hili si jambo dogo. Maana yake ni kwamba ukurasa ule wa daftari niliouelezea una nguvu kuliko gazeti rasmi la serikali, na kwamba mwenye uwezo wa kuongeza jina la pili juu yake si mbunge wala waziri.

Mkiniuliza kama sheria inaruhusu jina hilo liongezwe, nitajibu kwamba inaamuru. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, huwapa watoto wote wa marehemu, wa kike na wa kiume bila ya tofauti, robo tatu za mirathi, humwachia mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe, na tena huhesabu kwamba mali iliyochumwa ndani ya ndoa, pasipo mapatano mengine, ni ya wote wawili. Basi shamba lililonunuliwa kwa mbuzi wawili, mmoja wa mume na mmoja wa mke, ni la nani? Watu watasema kwamba ndoa ya yule mama ilikuwa ya kimila na haikuandikwa popote. Ni kweli, na mwenye kuitunza ndoa ya kimila, na mwenye ofisi ambayo ndoa hiyo ingeandikwa, ni ninyi. Na ibara ya 207 ya Katiba, ile inayoitambua mamlaka yenu, inaitambua kwa sharti kwamba isikiuke Katiba wala sheria, na hapo hapo inawapa wajibu wa kuulinda umoja wa taifa. Mwami hakuambiwa kwamba umoja huo unawahusu wanaume peke yao.

Sasa nije kwenye hofu iliyo moyoni mwa wazee, ambayo sitaki kuidharau, kwa sababu nimeisikia ikisemwa na watu waadilifu. Wazee wanasema: tukimpa mjane shamba la ukoo, kesho ataolewa na mtu wa kabila jingine, na ardhi ya babu zetu itaondoka pamoja naye, na katika nchi ambayo watu wameuana kwa ajili ya vilima, hofu hiyo haiwezi kuitwa upuuzi. Najibu mambo mawili.

La kwanza, tuitazame milima ya Masisi, tuulize iliondokaje. Mali za wageni zilipotaifishwa mwaka 1973, mashamba makubwa ya walowezi yaliangukia mikononi mwa watu wachache wenye jamaa serikalini, na kwa miaka mingi baadaye malisho yaliendelea kukatwa na kuuzwa kwa matajiri wa mijini, kwa mihuri ya ofisi na kwa ridhaa ya baadhi ya wakuu wa mila, hata wakulima walioishi humo wakajikuta wakifanya salongo, yaani kazi isiyo na ujira, katika ardhi waliyozaliwa ili wapate kupanda mihogo pembeni. Hapakuwa na mjane katika mauzo hayo. Wanawake hawakuitwa barazani, hawakupiga dole gumba, hawakunywa kasiksi ya mapatano. Ardhi ya ukoo ilipopotea ilipotea mikononi mwa wanaume wa ukoo, na aliyezuiwa ni yule ambaye hakuwahi kuuza hata tuta.

La pili, hofu hiyo ina dawa, nayo imepatikana kwa majirani zetu wenye mila zinazofanana na zetu. Kule Bukoba, nchini Tanzania, kando ya Ziwa Viktoria, mwanamke wa Kihaya aitwaye Holaria Pastory alirithishwa shamba na baba yake kwa wasia. Akazeeka bila ya mtu wa kumtunza, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wake, na mpwa wake Bernardo Ephrahim akamshtaki kwa kuwa mila ya Wahaya ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akahukumu kwamba mwanamke ana haki ile ile aliyo nayo mwanamume. Lakini hakuusahau ukoo, akaupa mlango, kwamba mpwa akitaka kulikomboa shamba alipe fedha zile zile 300,000 katika miezi sita. Naipenda sana hukumu hii, baba zetu, kwa sababu imewaridhisha wote wawili, mwanamke na ukoo. Ukoo ukiipenda ardhi yake na ukapewa nafasi ya kwanza ya kuinunua, na uinunue kwa bei ya haki. Usiichukue bure kwa mjane na kuiita heshima ya mababu.

Wala msiambiwe kwamba kumpa mwanamke nafasi ni kuiga mambo ya Ulaya. Kwa Wanande na kwa Wanyanga mwami hakamiliki bila ya mumbo, mke wa kimila ambaye mwanawe ndiye mrithi wa kiti. Na huko Luhwindja, Kivu ya Kusini, mwamikazi ameshika utawala kwa miaka kadhaa katika karne hii hii. Ikiwa bwami yenyewe, yaani utawala wa mwami, haipiti ila kwa mwanamke aliyechaguliwa na kuheshimiwa, sioni ni kwa njia gani shamba la viazi litanajisika likipita kwake.

Kuna wanawake ambao shida yao ni kubwa kuliko ya wajane, nao husahauliwa kwa kuwa hawana jina. Ni wale ambao waume zao walichukuliwa usiku, au walikwenda Walikale kuchimba madini, au walipotea katika msukosuko wa Sake na Goma, na mpaka leo hapana kaburi wala habari. Mwanamke huyu si mjane, basi hawezi kudai mirathi. Wala haonekani kuwa mke, kwa kuwa mwenye kumtetea hayupo. Sheria ina njia ya kuthibitisha kwamba mtu ametoweka, lakini njia hiyo hupita mahakamani, kwa gharama na kwa safari ambazo mbeba mizigo hawezi. Shemeji huja akasema kwamba atalitunza shamba la kaka yake mpaka arudi, na kulitunza huko hugeuka kuwa kulila. Kwa huyu hasa naomba huruma yenu iwe kanuni: mume akiwa hajulikani alipo, shamba lisimamiwe na mkewe, alilime na kuwalisha watoto, na mtu mwingine yeyote wa ukoo asilikodishe wala kuliuza.

Na ili nisidhaniwe kuwa nasemea kabila moja, na ndiyo maana kwa makusudi sikutaja langu, nasema waziwazi kwamba haki ninayomwombea mjane wa Kihunde aliyerudi Masisi ndiyo ninayomwombea mjane wa Kinande aliyekimbia Rutshuru, na wa Kihutu aliyefukuzwa Bwito, na wa Kimbuti aliyetolewa msituni akiwa hana hata ukurasa wa daftari, na wa Kitutsi aliyezeekea kambini Kiziba, nchini Rwanda, tangu mwaka 1996, au Nakivale, nchini Uganda, ambaye siku moja, Mungu akituletea amani ya kweli, atashuka njiani na wajukuu wasiokijua kilima chake. Najua kwamba sentensi hii itawaudhi baadhi ya wasomaji wangu, kila mmoja kwa jina moja au jingine ndani yake. Nimeipima kabla ya kuiandika, na ndiyo rai yangu.

Basi maombi yangu ni haya. Kila karatasi ya shamba inayotolewa na mkuu wa kijiji, tangu leo, iwe na majina ya mke na mume na alama za madole gumba yao wote wawili. Na zile za zamani ziongezwe jina lililokosekana bila ya mbuzi wala kasiksi wala fedha za kalamu. Ndoa za kimila ziandikwe katika daftari za ofisi zenu kwa wenye kuomba, pia bila ya malipo, hata zile za wazee na hata zile ambazo mmoja wa wanandoa amekwisha kufariki, maadamu mashahidi wapo. Mwanamke anayerudi asiulizwe kabila la baba yake. Aulizwe majirani zake wa mpakani, juu na chini, kwa sababu hao ndio walioliona jembe lake miaka yote, na ushahidi wao utangulie ushahidi wa nasaba.

Kisha baraza lenyewe. Barza Intercommunautaire lililoanzishwa mwaka 1998 lilifanya kazi njema katika siku mbaya, lakini lilikuwa baraza la wazee wa makabila, na wazee hao walikuwa wanaume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka baraza la ardhi la kila kijiji kuwa na watu saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Sheria hiyo hiyo ikabatilisha kila kanuni ya mila inayomnyima mwanamke ardhi. Nasi tufanye hivyo, bila ya kungoja Kinshasa. Mkisema kwamba hamjui mtawapata wapi wanawake wa kuaminiwa na makabila yote, nendeni alfajiri kwenye Kizuizi Kidogo, ile Petite Barrière ya mpaka wa Rwanda, muwatazame wanaovuka na jetoni, yaani kibali cha kuvukia, mkononi, nyanya na unga kichwani. Au nendeni Kituku mitumbwi ya Minova na Idjwi inapotia nanga. Hapo Mshi humkopesha Mhutu, na Mhutu humwekea Mnande akiba ya likelemba, bila ya hati wala mwanasheria, na deni hulipwa siku iliyotajwa. Wakati wa vita, wanaume walipoacha kusalimiana, likelemba hizo ziliendelea kugawana. Wanawake wenye amana ya namna hiyo wanaweza kuamua kesi ya mfereji na mikaratusi.

Upanzi wa maharage huanza na mvua za Septemba, na shamba lisiloamuliwa kabla ya hapo litakuwa limepoteza mwaka mzima wa chakula cha watoto. Naomba kila mmoja wenu aitishe baraza la kwanza katika mwezi wa Agosti, na wakuu wa vijiji wapewe agizo kwa maandishi, lisomwe makanisani, misikitini na sokoni. Sisi walimu wastaafu wa Goma tuko tayari kuja, kwa nauli yetu, kuandika majina kwa wasiojua kuandika. Na mkitaka kujua kijiji kwa kijiji ni wanawake gani wamerudi bila ya shamba, tumeanza kuikusanya orodha, nasi tutamletea kila mwami yake, mkononi, atakapotutajia siku.

Wenu katika utii na taadhima,

Mwalimu mstaafu, mtaa wa Majengo, Goma